Ndugu na Wajina: Maneno Mawili ya "Bond" katika Shakespeare na Kazi ya Mfasiri wa Kiswahili

Utangulizi

Katika tasnifu nyingi za uzamili zinazohusu tafsiri ya fasihi huwamo sura moja ambayo msomaji mzoefu huweza kuitabiri kabla hajaifungua. Sura hiyo hukusanya mahali ambapo mwandishi wa matini asilia amelichezea neno lenye maana zaidi ya moja, huonyesha kwamba mfasiri ameteua maana moja na kuiacha ya pili, kisha huhitimisha kwamba ladha ya matini imepotea. Hitimisho hilo si la uongo. Kasoro yake ni kuwa linaishia pale ambapo uhakiki ulistahili kuanzia. Halituelezi ni kitu gani hasa kilichopotea, wala kwa nini maneno fulani hupotea daima ilhali mengine huvuka kutoka lugha hadi lugha pasipo dhara kubwa.

Makala hii inanuia kulijibu swali hilo kwa kuchunguza maneno mawili ya Kiingereza ambayo hayana uhusiano wowote wa asili, lakini yanaandikwa na kutamkwa namna moja: "bond" la kwanza, ambalo ni kifungo na hati ya deni, na "bond" la pili, ambalo limo ndani ya neno "bondman", yaani mtumwa. Maneno hayo yanakutana katika tamthilia mbili za William Shakespeare ambazo msomaji wa Kiswahili anazifahamu kupitia tafsiri za Julius Nyerere: Julius Caesar, iliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1963 na kutolewa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na The Merchant of Venice, iliyotolewa mwaka huohuo wa 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Hatukusudii kupima tafsiri hizo mstari kwa mstari. Tunachokusudia ni kuonyesha kwamba mhakiki asiyetofautisha neno moja lenye maana nyingi na maneno mawili yenye umbo moja hawezi kumhukumu mfasiri kwa haki, wala hawezi kuisoma matini asilia yenyewe ipasavyo.

Ndugu na wajina

Wanaisimu huita polisemia ile hali ya neno moja kuwa na maana kadhaa zilizochipuka katika shina moja. Mdomo wa mtu na mdomo wa chupa ni mfano wa karibu. Homonimia, kwa upande wake, ni hali ya maneno mawili yenye asili mbalimbali kukutana katika umbo moja. Kaa la moto na kaa wa baharini hawakuzaliwa nyumba moja. Wamekutana tu njiani. Twaweza kusema kwamba maana za polisemia ni ndugu na homonimu ni wajina. Ndugu hufanana kwa sababu ya damu. Wajina huitikia jina moja, lakini mmoja wao akishtakiwa, mwenzake hana kesi ya kujibu.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa mfasiri. Udugu wa maana hutokana na njia ambazo fikra za binadamu huzipita mara kwa mara, na njia hizo hupatikana katika lugha nyingi. Mswahili husema kwamba maharusi wamefunga pingu za maisha, ingawa hapana askari aliyewakamata. Mwingereza naye huona kamba na ndoa kuwa vitu vinavyoweza kuitwa kwa neno moja. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Wote wawili wameona kwamba kinachofunga mikono na kinachofunga ahadi vina sura moja. Ujina, hata hivyo, hautokani na fikra. Hutokana na historia ya mahali fulani: uvamizi, uhamiaji, mabadiliko ya matamshi. Historia hiyo haisafiri. Ndiyo sababu ya polisemia kuvuka na homonimia kubaki ng'ambo.

Mhakiki William Empson, katika The Structure of Complex Words (1951), alionyesha jinsi tamthilia nzima inavyoweza kusimama juu ya neno moja lenye maana nyingi, kama lilivyo neno "honest" katika Othello. Kazi hiyo imetufunza mengi. Hata hivyo, neno la aina hiyo lina ndugu tupu ndani yake: uaminifu, ukweli na uungwana wa mtu ni watoto wa mama mmoja. Neno tunalolichunguza hapa ni la namna nyingine, nalo linadai usomaji wa namna nyingine.

Asili mbili, umbo moja

"Bond" la kwanza ni tawi la mzizi uleule uliozaa "bind", yaani kufunga, na "band", yaani utepe au kamba. Kutokana na kamba zikaja maana za mnyororo wa mfungwa, fungamano la damu au la ndoa, na hatimaye hati yenye muhuri ambayo kwayo mtu hujifunga kulipa deni au kutimiza sharti. Maana hizo zote ni ndugu.

"Bond" la pili lilifika Uingereza pamoja na walowezi waliotoka Skandinavia kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066. Katika lugha ya walowezi hao, "bóndi" alikuwa mtu mwenye makazi na shamba lake, na jina lenyewe lilitokana na kitenzi chenye maana ya kukaa na kustawisha mahali. Huyo hakuwa mtumwa hata kidogo. Alikuwa mtu huru aliyeheshimiwa. Neno "husband" la Kiingereza, ambalo leo ni mume, lina maana ya asili ya mwenye nyumba, na nusu yake ya pili ni "bóndi" huyohuyo.

Baada ya Wanormani kuitwaa nchi, mkulima alishuka daraja. Ardhi ikawa ya bwana, naye akawa wa ardhi. Jina lake likashuka pamoja naye, hata "bondman" akawa mtu asiyeweza kuondoka shambani bila ya idhini ya bwana wake. Wakati huo jina lake lilikuwa limekwisha kufanana na jina la kamba, na watu wakaanza kudhani kwamba "bondman" huitwa hivyo kwa kuwa amefungwa. Neno "bondage", ambalo kwanza lilitaja namna ya kumiliki shamba chini ya bwana, likageuka kuwa jina la utumwa wenyewe. Hivyo jina la mtu huru likawa jina la mtumwa, na mlio wa neno jingine ukasaidia kulifungia huko.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kustaajabu. Neno "mwungwana" lilimtaja mtu aliyezaliwa huru katika miji ya pwani. Katika karne ya 19, kwenye njia za misafara ya bara, waliitwa waungwana watu wa pwani waliochukua mizigo na silaha, na wengi miongoni mwao walikuwa watumwa wa mabwana wa Unguja na pwani. Leo mwungwana ni mtu yeyote mwenye adabu. Jina limepanda na kushuka ngazi ambazo aliyelitunga hakuziona. Tuchukue pia neno "fungate". Wengi wanaolisikia hulihusisha na kufunga ndoa, kwa kuwa linatajwa mara tu baada ya harusi. Lakini shina lake ni neno la kale la idadi ya saba, kwa sababu fungate ni siku saba. Sikio limemchukua mgeni likamfanya ndugu, sawasawa na sikio la Mwingereza lilivyomfanya "bondman".

Hati na mtumwa katika zama za Shakespeare

Ni vyema kukumbuka kwamba maneno haya hayakuwa ya vitabuni tu. Hati ya deni ilikuwa chombo cha kila siku katika Uingereza ya karne ya 16. Mdeni alitia muhuri kwenye karatasi iliyosema kwamba anadaiwa kiasi fulani, mara nyingi maradufu ya fedha alizopewa, na sharti likaandikwa kwamba akilipa kwa wakati hati hiyo itakuwa batili. Akichelewa hata siku moja, adhabu yote iliweza kumwangukia. Ndoa ya Shakespeare mwenyewe na Anne Hathaway tunaijua kupitia hati ya namna hiyo. Mnamo tarehe 28 Novemba 1582 wakulima wawili wa Stratford, Fulk Sandells na John Richardson, walijifunga kwa paundi 40 kwamba hapakuwa na kizuizi cha kisheria dhidi ya ndoa hiyo. Kwa lugha ya walowezi wa Skandinavia, wakulima hao wawili wangekuwa "bóndi". Hati waliyoitia alama ni "bond". Na aliyepatikana kwa hati hiyo ni "husband". Maneno yote mawili yamekutana kwenye karatasi moja.

Utumwa wa mashambani, kwa upande mwingine, ulikuwa unafifia. Mwaka 1574 Malkia Elizabeth wa Kwanza aliwaagiza maofisa wake wawape uhuru, kwa malipo, wale waliosalia katika hali hiyo kwenye ardhi za ufalme. Shakespeare alipoandika tamthilia zake, "bondman" alikuwa zaidi mtu wa Biblia na wa historia ya Warumi kuliko jirani. Hati ilikuwa hai, mtumwa wa shambani alikuwa kumbukumbu. Hapo ndipo mtunzi alipopata mwanya wa kumweleza mtumwa kwa istilahi za hati.

Mifano miwili: Cymbeline na Julius Caesar

Katika sehemu ya mwisho ya Cymbeline, Posthumus yumo gerezani amefungwa minyororo na anatamani kifo. Anaiomba miungu ikubali uhai wake kuwa malipo na ibatilishe vifungo vyake. Neno analolitumia ni "bonds", nalo ni minyororo iliyo mikononi na pia hati ya deni analodaiwa na miungu. Uchezaji huu ni wa ndugu. Maana zote mbili zimetoka kwenye kamba. Mfasiri wa Kiswahili hana sababu ya kulalamika hapa, kwa kuwa kitenzi "funga" kinambebea mzigo wote: mfungwa hufungwa, ahadi hufunga, mtu hujifunga kwa neno lake, na hakimu hutoa kifungo. Asipoupata mlio uleule, ataipata fikra ileile.

Hali ni tofauti katika Julius Caesar. Katika sehemu ya 1, onyesho la 3, usiku wa tufani, Cassius anamweleza Casca kwamba hapana ngome wala minyororo inayoweza kumzuia mtu aliye tayari kuyatoa maisha yake. Casca anaafiki kwa kusema kwamba kila mtumwa anao mkononi mwake uwezo wa kuufuta utumwa wake. Neno la mtumwa ni "bondman" na neno la kufuta ni "cancel", istilahi ya kisheria ya kubatilisha hati kwa kuichora mistari ya kukatana. Kwa mchezo huo, mtumwa amefanywa kuwa mtu aliyeshika hati yake mwenyewe mkononi, na kinachohitajika ni kuichana tu.

Hapa wajina wamefanywa ndugu, na mhakiki hana budi kuuliza ni nani anayefaidika. Hati ya deni ina tabia moja ambayo utumwa hauna: aliyefungwa ameitia muhuri mwenyewe. Alipokea fedha, akakubali sharti, na siku atakapolipa atakuwa huru. Mtumwa hakutia muhuri wowote. Alikamatwa, akanunuliwa, au akazaliwa katika hali hiyo. Kuuita utumwa hati ni kuuvika mavazi ya mapatano, na kumwambia mtumwa kwamba ufunguo anao yeye ni kumpa lawama ya kufuli asiyoitengeneza. Maneno ya Casca yanavutia kwa sababu ni maneno ya mtu huru akizungumza na mtu huru mwenzake. Usiku ule hapakuwa na mtumwa wa kumjibu.

Shakespeare, hata hivyo, anamleta mtumwa huyo baadaye. Katika sehemu ya 5, onyesho la 3, tunakutana na Pindarus, mtumwa wa Cassius. Twaelezwa kwamba Cassius alimteka huko Parthia, akamwachia uhai kwa kiapo kwamba atatenda lolote atakaloamriwa. Sasa bwana wake anamwamuru atimize kiapo hicho kwa kumuua kwa upanga uleule uliomchoma Caesar, na kwa tendo hilo awe huru. Huyu ndiye "bondman" pekee katika tamthilia ambaye ana "bond" kwa maana ya ahadi. Lakini tazama jinsi ahadi yenyewe ilivyopatikana: kwa mateka aliyetakiwa kuchagua baina ya kiapo na kifo. Tena, Pindarus hakuufuta utumwa wake kwa uwezo uliokuwa mkononi mwake. Aliufutiwa kwa amri ya bwana, na anasema waziwazi kabla ya kutoroka kwamba asingeupata uhuru kwa njia hiyo lau angethubutu kufuata matakwa yake. Maneno matamu ya Casca yanapewa jibu mwishoni mwa tamthilia, na jibu lenyewe ni chungu.

Yumkini mtu atauliza: je, Shakespeare na hadhira yake walijua kwamba maneno haya yana asili mbili? Hawakujua, wala haikuwapasa. Kwao lilikuwa neno moja. Hoja yetu haitegemei ujuzi wa mtunzi. Kwa sababu wasikilizaji walilisikia kama neno moja, dai la Casca liliwapenya bila ya kushtukiwa, kana kwamba ni lugha yenyewe inayoshuhudia kwamba mtumwa ni mdeni. Anayejua historia ya maneno ndiye anayeweza kumsimamisha shahidi huyo na kumwambia kwamba ushahidi wake umetokana na kufanana majina.

Shylock na sauti ya mtumwa

The Merchant of Venice inakwenda mbali zaidi. Tunajua kwamba tamthilia nzima imezunguka hati: dukati 3,000, miezi mitatu, na ratili moja ya nyama ya Antonio iwapo deni halitalipwa. Katika sehemu ya 3, onyesho la 3, Shylock analitaja neno "bond" mara kwa mara kama mtu anayepiga nyundo msumari uleule. Lakini ni rahisi kusahau kwamba katika onyesho lilelile la sehemu ya 1 ambamo hati inapendekezwa, Shylock anamuuliza Antonio kama anapaswa kuinama na kusema kwa sauti ya mtumwa, "bondman", mbele ya mtu aliyemtemea mate na kumwita mbwa. Muda mfupi tu baadaye analitamka jina la hati. Wajina wamepita mlango mmoja wakifuatana. Aliyetakiwa awe "bondman" ndiye anayetoa "bond", na mtu huru wa Venice ndiye anayetia muhuri.

Kinachotokea katika sehemu ya 4, mahakamani, ndicho hasa kinachoipa hoja hii uzito. Shylock anapoombwa awe na huruma, anawakumbusha wakuu wa Venice kwamba wao wenyewe wana watumwa waliowanunua, wanaowatumikisha kama punda na mbwa, na kwamba hawatakubali kuambiwa wawaache huru au wawaoze watoto wao. Wao husema watumwa ni mali yao. Yeye naye anasema nyama ile ni yake kwa kuwa ameinunua. Hapa Shakespeare hatumii neno "bondman" bali "slave". Uchezaji wa maneno umekwisha. Imebaki hoja tupu. Uhusiano baina ya hati na utumwa, ambao katika sehemu ya 1 ulikuwa wa mlio, umekuwa wa sheria na soko. Ikiwa mji unaruhusu mwili mzima wa mtu ununuliwe, una haki gani ya kushtushwa na ratili moja?

Mahakama hailijibu swali hilo. Portia analipita kando kwa hoja ya tone la damu, na watumwa wa Venice hawatajwi tena. Katika sehemu ya 5, Portia analichezea neno "bound" kuhusu Bassanio na Antonio: mmoja alifungwa kwa ajili ya mwenzake, na mwenzake amefungwa kwa shukrani. Tumerudi kwenye ndugu, kwenye vifungo vya urafiki na ndoa, na ucheshi unawezekana tena. Tamthilia imefunga mlango ambao Shylock aliufungua. Mhakiki asiyewapambanua ndugu na wajina ataona mfululizo mmoja wa uchezaji wa neno tangu mwanzo hadi mwisho. Anayewapambanua ataona kwamba kuna jambo limezikwa.

Zamu ya Kiswahili

Je, mfasiri wa Kiswahili afanye nini? Jibu la kwanza ni kwamba hawezi kuwaleta wajina wa Kiingereza. Mtumwa wa Kiswahili hakutokana na kamba, bali na kitenzi "tuma". Mtumwa ni aliyetumwa. Shina hilohilo limetupa "mtume", na hapo Kiswahili kinatenda kinyume cha Kiingereza: Kiingereza kimechukua mashina mawili kikampata mtu mmoja wa chini, Kiswahili kimechukua shina moja kikampata wa chini kabisa na wa juu kabisa. Huo ni utajiri wa namna yake, lakini hautatusaidia kwa Casca wala kwa Shylock.

Jibu la pili ni la kutia moyo zaidi. Tumeona kwamba Shakespeare mwenyewe aliuacha mlio katika sehemu ya 4 na akabaki na hoja. Kwa hiyo mfasiri hatafuti mlio. Anatafuta mahali ambapo jamii yake mwenyewe imeunganisha deni na utumwa. Mahali hapo papo, na jina lake ni "rehani". Neno hili lenye asili ya Kiarabu ni la nyumba, shamba na vito vinavyowekwa kwa mkopeshaji. Lakini katika historia ya pwani yetu na bara lililo karibu nayo, hata watu waliwekwa rehani. Katika njaa za karne ya 19, familia ziliwakabidhi watoto na jamaa kwa wenye chakula kwa nia ya kuwakomboa mavuno yakija, na wengine hawakukombolewa kamwe; waliishia utumwani. Kitenzi chenyewe, "komboa", hutumika kwa mali iliyowekwa rehani na kwa mtumwa anayepewa uhuru. Kile ambacho Kiingereza kilikipata kwa bahati ya mlio, Kiswahili kilikilipia kwa watoto wake.

Hatusemi kwamba kila "bond" iwe rehani. Mwanasheria atatukumbusha kwamba rehani hudai kitu kikabidhiwe, ilhali Antonio alibaki na nyama yake hadi siku ya hukumu. Mahali pengi "hati" litatosha, na mahali pengine litafaa zaidi. Tunachosema ni kwamba pale Shylock anapowageuzia wakuu wa Venice utumwa wao, mfasiri mwenye "rehani" na "komboa" mkononi ana silaha ambayo matini asilia haikuwa nayo. Kumhukumu kwa alichopoteza bila ya kuuliza alichoweza kupata ni kupima mizani kwa sahani moja.

Mwanga huo unatusaidia pia kulitazama upya jina la tafsiri ya Nyerere. Imesemwa mara nyingi kwamba kumgeuza mfanyabiashara mmoja kuwa mabepari ni kuibebesha tamthilia siasa za Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. "Bepari" ni neno lililofika pwani kutoka Bara Hindi, na maana yake ya awali ni mfanyabiashara. Maana ya mwenye mtaji anayenyonya jasho la wengine ilikuja baadaye na ikachipuka katika shina hilohilo. Mwaka 1969 maana zote mbili zilisikika. Nyerere hakulitupa neno la Shakespeare. Aliteua neno lenye ndugu wawili, mkongwe na kijana, akawaacha waseme pamoja. Na wingi alioutia una sababu katika tamthilia yenyewe. Shylock hakumshtaki Antonio peke yake mahakamani. Aliwashtaki wote wenye kununua watu. Jina la wingi linaendeleza shtaka ambalo Portia alilipita kando.

Hitimisho

Samuel Johnson, katika dibaji yake ya mwaka 1765, alimlaumu Shakespeare kwa kuupenda mno uchezaji wa maneno, akaufananisha na Cleopatra aliyempotosha Antony. Wahakiki wa tafsiri tumekuwa na kosa la upande wa pili: tumeuthamini uchezaji huo kana kwamba wote ni wa aina moja na kila unapokosekana ni msiba. Tumejaribu kuonyesha kwamba sivyo. Ndugu husafiri, na mfasiri akiwapoteza anastahili kuulizwa. Wajina hawasafiri, na mfasiri akiwaacha hana hatia. Swali la haki kwake ni kama ameitambua kazi waliyokuwa wakiifanya, na kama ameitafutia mtendaji mwingine katika lugha yake.

Kwa wanafunzi wetu, pendekezo ni dogo lakini lina kazi. Kabla ya kuandika kwamba maana imepotea, mtafiti afungue kamusi ya asili ya maneno aone kama maana hizo ni za shina moja au la. Zikiwa za mashina mawili, aulize ni nani katika matini anayenufaika kwa kuzifanya zionekane moja. Kisha aigeukie historia ya Kiswahili aone kama watu wake waliwahi kuyaunganisha mambo hayo kwa njia nyingine, katika soko, katika njaa, au katika sheria. Wengi watakuta kwamba waliyaunganisha, na kwamba neno lake bado lipo, likingoja mtu wa kulitumia.